Nje ya Mlimani Kuna Nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nimetokea Sumbawanga. Tangu nifike sijaenda mbali zaidi ya Mlimani City. Nianzie wapi kuyafahamu maeneo ya jirani bila kumaliza fedha za kujikimu?

JIBU: Ndugu msomaji, Mlimani City ni mahali pazuri pa kupata kiyoyozi, lakini hapatakufundisha mji. Anzia Mwenge, kwenye soko la vinyago, ambako mafundi huchonga mpingo mbele ya macho yako: gogo huwa na ganda jeupe kwa nje, na tezo inapolibandua ndipo weusi wa kiini hujitokeza. Keti, salimia, uliza. Fundi asiye na mteja huwa na maneno mengi, nawe hulazimiki kununua kitu.

Kutoka hapo fuata Barabara ya Bagamoyo hadi Kijiji cha Makumbusho, kilichoanzishwa mwaka 1966, uzione nyumba za asili za makabila mbalimbali. Beba kitambulisho cha chuo, kwa kuwa huenda ukapunguziwa kiingilio.

Sinza ni ya chakula cha jioni, na huko nenda na wenzako. Changanyikeni, iliyo mgongoni mwa chuo, nenda hata kama hutafuti chumba, maana wanafunzi wengi hupanga huko na mama lishe wa huko wanaujua mfuko wa mwanafunzi kuliko mkahawa wowote wenye kiyoyozi.