Alama za kuwahi kufika katika mashindano ya skauti wadogo

SWALI: Mimi ni kiongozi wa kikosi cha skauti na nimepewa jukumu la kuandaa mashindano ya mwisho wa wiki ya kutembea kwa miguu na kupiga kambi. Kutakuwa na patroli 8 zenye watoto 6 kila moja, wa umri wa miaka 11 hadi 14. Jumamosi watatembea kilomita 18 zenye jumla ya mita 900 za kupanda, wakipitia vituo 6 vya majaribio, na Jumapili watarudi kwa njia fupi zaidi. Nimepanga nusu ya alama zote zitolewe kwa kuwahi kufika. Mkufunzi tuliyemwalika anashauri watoto wabebe kila kitu wenyewe na wasinywe maji mpaka kituo cha tatu, ili wakomae. Je, saa 6 zinatosha kwa Jumamosi, na mzigo wa mtoto uwe kilo ngapi?

JIBU: Saa 6 hazitoshi, na hesabu yake ni hii. Kanuni ambayo wapanda milima wameitumia tangu William Naismith wa Uskoti alipoipendekeza mwaka 1892 humpa mtembeaji, kwa vipimo vya leo, saa moja kwa kila kilomita 5 za njia, kisha humwongezea saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa njia yako hiyo ni saa 5 na dakika 6, lakini anayepimwa na kanuni hiyo ni mtu mzima mwenye afya njema anayetembea bila kusimama. Mtoto wa miaka 11 mwenye shanta mgongoni mimi humkadiria kilomita 3 kwa saa, nikiacha nyongeza ya kupanda kama ilivyo, na hapo tunapata saa 7 na nusu. Ongeza dakika 10 za kupumzika kwa kila saa ya mwendo, dakika 40 za chakula cha mchana na dakika 20 katika kila kituo, utafikia saa 11 na dakika 25. Wakiondoka saa 2 asubuhi watafika kambini saa 1 na dakika 25 usiku, wakiwa hawajasimamisha hema hata moja.

Fupisha njia iwe kilomita 12 zenye mita 300 za kupanda na ubakize vituo 4. Kwa hesabu ileile watafika saa 9 na robo alasiri, na bado watakuwa na mwanga wa kutosha wa kuchagua mahali pa hema, kupika na kukausha soksi. Mzigo usizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mtoto mwenyewe. Kwa mtoto wa kilo 36 hiyo ni kati ya kilo 3.6 na 5.4. Mahema, sufuria na chakula cha jioni vipelekwe kambini kwa gari. Mtoto abebe maji yake, sweta, koti la mvua, chakula cha njiani, tochi, filimbi, na sehemu yake ya vifaa vya kikundi vya huduma ya kwanza.

Hayo ndiyo uliyouliza. Lililonisukuma nijibu kwa urefu ni ile nusu ya alama kwa kuwahi kufika, kwa kuwa naikuta karibu katika kila mpango wa mashindano ninaoletewa kuukagua, na kila mara waandaaji huitaja kwa kupita tu, kama jambo lisilohitaji kujadiliwa.

Niliwahi kusimamia kituo cha huduma ya kwanza katika mashindano ya namna hii, akaletwa msichana wa miaka 12 ambaye soksi yake ilikuwa imegandamana na nyama ya kisigino. Lengelenge lilikuwa limeanza saa 3 kabla ya hapo. Yeye alijua, na kiongozi wa patroli yake alijua, lakini walinyamaza kwa sababu kusimama dakika 10 ili kubandika plasta kungewapotezea nafasi ya pili. Watoto wale walikuwa wameisoma karatasi ya alama kwa usahihi kuliko sisi tulioiandika. Tuliwaambia kwa maandishi kwamba dakika ina thamani, na kuhusu kisigino hatukuandika neno lolote.

Alama za mwendo hufanya kazi hiyohiyo katika kila jambo la safari. Ramani haifunguliwi, kwa kuwa kusimama ni hasara, na patroli hufuata ile iliyotangulia hata kama imepotea. Njia za mkato zinakatwa mahali ambapo mistari ya kontua imebanana, yaani mahali ambapo mteremko ni mkali kupita kote. Baya kuliko yote ni lile linalompata mtoto wa mwisho. Wenye mbio hutangulia, hufika kilimani, huketi kumsubiri, na mara tu anapotokea huku anahema wanasimama na kuendelea na safari. Kwa utaratibu huo wenye nguvu hupumzika kila saa, na aliyechoka hapumziki hata mara moja tangu asubuhi hadi jioni. Baada ya saa 4 za mwendo wa namna hiyo, mtoto anayeanguka kwa kawaida ndiye yule aliyenyimwa mapumziko, kisha watu wazima husema kwamba alikuwa dhaifu.

Tangu Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipofanya kambi yake ya majaribio katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, Agosti 1907, akiwa na wavulana wapatao 20 waliogawanywa katika patroli 4, skauti wamefanya kazi kwa vikundi vidogo ambavyo kila mmoja ndani yake ana jukumu lake. Ukitoa nusu ya alama kwa miguu ya haraka unaivunja patroli kwa mkono wako mwenyewe, halafu kwenye kituo cha mwisho unaipa alama za ushirikiano.

Kwa hiyo futa alama za kuwahi. Weka dirisha la muda, kwa mfano kati ya saa 6 na nusu na saa 8 tangu kuondoka, na patroli itakayofika kabla ya dirisha kufunguliwa ipunguziwe alama sawasawa na itakayochelewa bila kutoa taarifa. Hakuna kituo kitakachoanza jaribio kabla watoto wote 6 hawajasimama mbele ya mwamuzi. Mtoto mwenye mwendo mdogo atembee wa pili kutoka mbele, nyuma ya msoma ramani, ili mwendo wake uwe mwendo wa wote. Katika kituo cha pili waamuzi wakague miguu: patroli iliyogundua mahali panapochoma na kupabandika mapema ipewe alama kamili, na iliyoficha lengelenge ipoteze. Nimeona mfumo huu ukibadilisha tabia ya watoto ndani ya saa moja. Wanaanza kuulizana wao kwa wao kuhusu visigino, maji na baridi, kwa kuwa sasa kuuliza kuna alama.

Jambo moja la kuangalia hapo. Usitoe alama kwa shanta jepesi, maana wataacha sweta nyumbani. Orodha ya vitu vya lazima ikaguliwe wakati wa kuondoka na tena katika kituo kimoja ambacho hakikutangazwa. Alama nyingine zielekee kwenye ufundi wenyewe: kusoma ramani (katika ramani ya 1:50,000 sentimita 2 ni kilomita moja, na mtoto wa miaka 11 hulielewa hilo bila taabu), kusimamisha hema mahali ambapo maji ya mvua hayatakusanyika, kuchemsha maji ya kunywa mpaka yatokote kwa dakika moja, au dakika 3 ikiwa kambi iko juu ya mita 2,000, kuweka choo walau mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, na kuacha uwanja wa kambi ukiwa kama walivyoukuta.

Sasa nije kwa mkufunzi wako. Agizo la kutokunywa maji mpaka kituo cha tatu ni hatari, na naliandika hivyo bila kulainisha neno. Mwili haujifunzi kuishi bila maji kwa kunyimwa maji. Unachofanya ni kupunguza jasho, kupanda joto, na hatimaye kushindwa kujipoza. Watoto wakishughulika hawaikumbuki kiu mpaka imechelewa, kwa hiyo wao ndio wa kukumbushwa kunywa kidogo kidogo katika kila pumziko. Sisemi wamiminiwe maji kwa lazima, kwani kunywa lita nyingi za maji matupu bila chakula chenye chumvi hupunguza kiwango cha chumvi katika damu, na hilo nalo limewahi kuua watembeaji. Mtoto aliyechanganyikiwa, anayepepesuka au kusema maneno yasiyoeleweka kwenye joto apelekwe kivulini na apozwe hapohapo kwa maji mengi mwilini na kupepewa, huku msaada ukiitwa. Kupoza kwanza, kusafirisha baadaye. Asinyweshwe kitu chochote maadamu fahamu zake si kamili.

Wakufunzi wa aina hiyo ndio hao hao wanaosema kwamba baridi haiui mahali pasipo na theluji. Halijoto hushuka kwa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, na mtoto aliyelowa mvua kwenye upepo wa nyuzi 10 anaweza kupoteza joto la mwili mpaka likashuka chini ya nyuzi 35, kwa sababu mwili mdogo una ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake. Anayetetemeka avuliwe nguo mbichi, avalishwe kavu, akingwe na upepo, atenganishwe na ardhi kwa mkeka au majani makavu, na apewe kinywaji chenye sukari ikiwa yuko macho na anameza vizuri. Aliyeacha kutetemeka bila kupashwa joto yuko katika hali mbaya zaidi, hajapona. Kumsugua miguu na mikono hakusaidii, na pombe humwongezea madhara. Na jiko lisiingizwe hemani hata mvua ikinyesha usiku kucha, kwa kuwa hewa yake yenye sumu haina harufu, na waliolala hawaamki.

Kuna pia wale wanaofika kambini na wembe na kamba kwa ajili ya nyoka. Kuchanja jeraha, kunyonya sumu, kufunga kamba ya kukaza, yote haya yamekataliwa na waganga wanaotibu majeraha ya nyoka, kwani huongeza kutokwa damu, huleta maambukizi na huweza kuua nyama ya mguu mzima. Aliyeumwa atulizwe, avuliwe pete na viatu vya kubana, kiungo kisichezeshwe, na abebwe kwenda hospitali. Hivyo basi, kabla ya mashindano unapaswa kujua hospitali ipi iliyo karibu ina dawa ya kuzuia sumu hiyo, na gari litatokea wapi kumchukua mtoto katika kila kipande cha njia. Kituo kisichofikika kwa gari wala kwa machela ndani ya muda mfupi kihamishwe.

Vilevile kataa jaribio la ujasiri la usiku, lile la kumwamsha mtoto na kumpeleka msituni peke yake au akiwa na mtu mzima mmoja. Mtu mzima yeyote asiwe peke yake na mtoto mahali pasipoonekana na wengine, mchana wala usiku, na anayedai kwamba ukomavu unahitaji hilo aondolewe kambini siku hiyohiyo.

Mamlaka ya kusimamisha mashindano yawe kwa mtu mmoja aliyeandikwa kwa jina, asiye na patroli inayoshindana, na uamuzi wake usijadiliwe. Umeme ukimulika na ngurumo ikasikika kabla ya sekunde 30 kupita, watoto washuke kutoka vilele na migongo ya milima, watoke chini ya miti iliyosimama peke yake, waingie ndani ya jengo imara au gari lililofungwa, na wasirudi njiani mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Kila mtoto ajue ishara ya kuomba msaada milimani, yaani filimbi 6 ndani ya dakika moja, kisha dakika moja ya kimya, kisha kurudia; na jibu lake ni filimbi 3 kwa dakika.

Mkufunzi wako muulize maswali matatu kabla ya Jumamosi, mbele ya viongozi wenzako: atafanya nini mtoto akiacha kutetemeka, atafanya nini mtoto akianza kupepesuka juani, na gari litamfikia vipi aliyevunjika mguu kati ya kituo cha pili na cha tatu. Asipoyajibu papo hapo asikabidhiwe patroli, hata kama ratiba imeshachapishwa ikiwa na jina lake.