Marashi Mepesi ya Kiume: Nijaribu Vipi Kabla ya Kununua?

SWALI: Mpendwa Mshauri, mimi ni kijana wa Umoja na mwezi uliopita nilianza kazi ya ofisini Upper Hill. Natafuta marashi ya kiume yenye harufu nyepesi ya kuburudisha, ya kampuni yenye jina, yasiyozidi shilingi 5,000. Dukani nilipuliziwa Davidoff Cool Water kwenye kikaratasi nikayapenda papo hapo, lakini yale niliyopuliziwa mkononi yalikuwa yamebadilika kabla sijafika nyumbani, na kufikia jioni sikuyasikia kabisa. Je, marashi haya hayafai, au ngozi yangu ndiyo yenye kasoro?

JIBU: Ndugu msomaji, ngozi yako haina kasoro na marashi hayo ni mazuri, uliyahukumu mapema mno. Cool Water, yaliyotungwa na Mfaransa Pierre Bourdon na kutolewa mwaka 1988, hutangulia kwa nanaa na lavenda, ambazo ni harufu nyepesi zinazoruka upesi, kwa hiyo ulichokipenda kwenye kikaratasi kilikuwa mwanzo wake tu, wa dakika 15 au 20. Baadaye hujitokeza miti na miski, na hizo ndizo harufu utakazoshinda nazo kazini, kwa hiyo hizo ndizo zikuamulie kama utatoa pesa. Kikaratasi hakina joto wala jasho. Kitakusaidia kukataa usichokipenda, lakini hakitoshi kukuchagulia.

Rudi dukani Jumamosi ukiwa hujajipaka kitu kingine chenye harufu, uombe chupa ya majaribio, na upulize Cool Water kwenye mkono mmoja na marashi mengine kwenye mkono wa pili. Usizidishe mawili, maana pua huchoka, na usisugue mikono. Kwa mkono wa pili ningependekeza Nautica Voyage, yaliyotungwa na Maurice Roucel mwaka 2006, ambayo mara nyingi huwa ya bei nafuu zaidi. Kisha utoke bila kununua, hata muuzaji akikubembeleza, upande matatu, utembee juani, ule chakula cha mchana, na unuse tena baada ya nusu saa, baada ya saa mbili, na kabla ya kuoga. Nilipoyajaribu Voyage mwezi wa Februari, jua likiwa kali, ile harufu ya tofaa bichi ilikuwa imekwisha kabla sijavuka barabara ya Haile Selassie, nikayakatia tamaa; lakini nilipovua shati usiku, ukosi ulikuwa bado unanukia mbao safi, na hapo ndipo nilipoyapenda.

Kuhusu kutoyasikia jioni, kumbuka kwamba pua huizoea harufu inayokaa nayo, kwa hiyo muulize mtu wa nyumbani kabla ya kusema yamekwisha. Ngozi kavu nayo haishiki marashi vizuri, hasa asubuhi za baridi za Julai tunapopauka. Jipake kwanza mafuta yasiyo na harufu, kisha upulize shingoni na kifuani. Mipulizo minne inatosha ofisini, ambako watu huketi karibu karibu. Chupa ya mililita 100 hutoa takriban mipulizo 1,000, hivyo itakufaa kwa miezi minane hivi, na shilingi 5,000 zako si hasara.

Nakusihi tu usikimbilie bei ya kutupa. Niliwahi kununua chupa ya namna hiyo mjini, kumbe ni marashi bandia. Kizibo kilikuwa kinacheza, na yaliyomo yakaniachia doa la samawati kwenye shati jeupe. Tangu siku hiyo huomba boksi lifunguliwe mbele yangu, nikahakikisha kwamba namba ya toleo iliyochapwa chini ya boksi ni ile ile iliyo chini ya chupa, na muuzaji akikataa, huondoka.