Digrii Inamlipa Nani?

Wiki iliyopita nimemaliza deni langu la Bodi ya Mikopo, ile inayokopesha wanafunzi wa elimu ya juu. Nililia. Siku hiyohiyo binti aliyemaliza kidato cha sita akaniandikia: "Dada, hivi digrii inalipa?"

Mdogo wangu, inamlipa nani?

Mwaka 2015 tulihitimu ualimu wasichana watatu wa chumba kimoja. Mmoja alisoma Fizikia na Hisabati, mimi na mwingine Historia na Kiswahili. Mwaka uliofuata serikali ikasimamisha ajira ili kuhakiki watumishi hewa. Walimu walipoanza kuitwa tena 2017, walioitwa ni wa sayansi na hisabati. Mwenzetu wa Fizikia akapangiwa kituo, sisi wa sanaa tukabaki na bahasha zetu za kaki.

Yule wa sanaa mwenzangu baba yake ana duka Kariakoo. Alikaa nyumbani, akala, akapewa mtaji, leo anaagiza mizigo Guangzhou. Watu humtaja kuwa ni msomi aliyefanikiwa. Ni mchapakazi, sikatai, lakini cheti chake na changu ni kimoja.

Mimi kwetu walikuwa wananisubiri mimi. Nikaingia shule binafsi ya kwanza iliyonipokea, 250,000 kwa mwezi, na mwezi wenyewe ulifika siku 45. Mjomba aliyeuza ng'ombe nikamalizie ada alikuwa akiniuliza mbele ya watu, "Mwalimu, ng'ombe wangu ameshazaa?" Mpaka leo sijalisahau swali hilo.

Na makato ya Bodi yalikuwa yamepanda 2016 kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara. Kwa mwenye milioni mbili inauma. Kwangu 37,500 ilikuwa unga na mafuta ya taa ya mwezi. Ajira ya serikali niliipata 2021, mwaka uleule ilipofutwa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo. Hapo ndipo deni likaanza kupungua kweli.

Kwa hiyo wadogo zangu, acheni kuchagua kozi kwa sababu ya joho! Uliza nani anaajiri watu wa kozi hiyo. Uliza nani atakulisha ukisubiri miaka miwili, hata mitatu. Ukikosa jibu, fundi umeme wa VETA, vyuo vya ufundi stadi, si mtu wa kumdharau.

Wewe binti hukuniambia umesoma tahasusi gani, wala nani nyumbani anakutegemea. Niandikie hayo mawili leo, kabla dirisha la udahili halijafungwa.