Maswali na Majibu: Nitakula nini kabla na baada ya upasuaji wa kupunguza tumbo?

SWALI: Habari ya kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kayole, nina miaka 38. Nina kilo 128 na urefu wa mita 1.62. Nina kisukari, nameza metformini asubuhi na jioni na kujidunga insulini usiku. Baada ya wiki tatu nitafanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula. Nimepewa karatasi inayosema ninywe vya majimaji tu kwa wiki mbili kabla. Mbona nishinde njaa, na upasuaji wenyewe ndio utakaonipunguza? Pili, unga wa protini walionitajia ni ghali mno. Tatu, nauza mitumba Gikomba, nitarudi kazini lini? Mama mkwe atakuja kuniuguza, na ameshasema atanipikia uji na njahi nipate nguvu. Nisaidie.

JIBU: Dada, nashukuru umeandika mapema. Wengi huniandikia wakiwa wameshatoka hospitali na wanatapika. Mimi ni mtaalamu wa lishe, si daktari wa upasuaji, na kazi yangu hapa Nairobi ni kuwaandaa watu kama wewe na kuwafuatilia wakirudi nyumbani.

Nitaanza na jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu ndilo lililonishtua niliposoma barua yako: insulini. Ukinywa majimaji tu utakuwa unapata kama kilokalori 800 hadi 1,000 kwa siku. Ukijidunga kipimo kile kile cha usiku ulichozoea ukiwa unakula ugali na chapati, sukari itashuka, na inaweza kushuka umelala. Kwa hivyo kabla hujaanza siku ya kwanza, mpigie daktari wako wa kisukari umwambie tarehe na umsomee karatasi hiyo. Yeye ndiye atakayepunguza kipimo, usijipunguzie mwenyewe. Pima sukari kabla ya kulala na ukiamka, uandike kwenye daftari. Ikionyesha chini ya 4, au ukitetemeka na kutokwa na jasho la baridi, koroga vijiko vitatu vidogo vya sukari kwenye maji unywe hapo hapo, hata kama karatasi inakataza sukari. Pima tena baada ya dakika kumi na tano, kisha umpigie daktari.

Baada ya upasuaji jambo hili linakuwa zito zaidi. Sukari huanza kushuka siku chache tu baada ya upasuaji, kilo zikiwa bado hazijaondoka, kwa kuwa unakula kidogo sana na homoni za utumbo zimebadilika. Usiondoke wodini bila kuandikiwa kipimo kipya. Uliza pia kuhusu metformini yako: kama ni ile ya kuyeyuka polepole, haifai kupondwa, na huenda wakakubadilishia kwa muda.

Sasa wiki mbili za majimaji. Shida iliyopo ni ini. Upande wake wa kushoto umelala juu ya sehemu ya juu ya mfuko wa chakula, pale pale daktari anapotakiwa kukata. Upasuaji hufanywa kupitia matundu madogo, na ini hulazimika kuinuliwa kwa chombo cha chuma muda wote. Mtu mwenye uzani mkubwa na kisukari mara nyingi ini lake limejaa mafuta: limevimba, ni zito, na likiguswa vibaya hupasuka na kutoa damu. Likiwa kubwa sana daktari haoni anachofanya, na kuna wagonjwa waliofungwa matundu wakarudishwa nyumbani bila kufanyiwa chochote. Ukinywa majimaji tu, ini hutumia sukari na mafuta liliyoyaweka, linapoteza na maji yaliyoshikana na sukari hiyo, linanywea. Sehemu kubwa ya kunywea huko hutokea katika wiki mbili za kwanza. Ndiyo maana zikawa mbili.

Na ndiyo maana nakuomba ukatae mlo wa kuaga. Nimeuona mara nyingi: jamaa wanakusanyika jioni ya mwisho, nyama choma mezani, soda, "kula leo, kesho hutaweza." Mlo mmoja kama huo unalijaza ini tena. Siku tatu za kwanza utaumwa kichwa na kuwa na hasira. Supu yenye chumvi kidogo na maji husaidia. Siku ya nne huwa nafuu.

Uji wa wimbi usiufanye chakula cha wiki hizo, hata ukiwa mwepesi. Ni majimaji machoni, lakini karibu wote ni wanga. Kunywa maziwa yaliyopunguzwa mafuta, mala isiyo na sukari, na supu ya mboga iliyochujwa.

Mengine nitayapitia kwa haraka. Sigara na shisha ziachwe sasa hivi. Ingefaa ziwe zimeachwa wiki sita nyuma. Miti shamba na tembe za kitunguu saumu ziachwe wiki mbili kabla, kwa sababu baadhi huzidisha kutoka damu. Kama unatumia tembe za kupanga uzazi, mwambie daktari, kwani zenye estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda na huenda ukabadilishiwa. Ukikoroma usiku na kuamka umechoka, mtaalamu wa nusukaputi ajue. Leseni ya daktari wako unaweza kuitafuta kwenye tovuti ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari Kenya, na si utovu wa adabu kumuuliza amewafanyia wangapi upasuaji huu.

Siku yenyewe, wataondoa karibu robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula na kuuacha kama mrija mwembamba unaobeba mililita 100 hadi 150. Jioni hiyo hiyo watakusimamisha utembee, na utembee kweli, kwa sababu damu kuganda miguuni ni moja ya hatari kubwa za siku hizo. Bega litakuuma, na watu hushangaa: tumbo limepasuliwa, bega linauma kwa nini? Ni gesi waliyopuliza tumboni ili wapate nafasi. Huishia yenyewe siku mbili tatu, na kutembea huiharakisha.

Lakini kuna maumivu ya bega la kushoto yasiyo ya gesi, bali ya kuvuja. Mstari wa kukatia, yaani pale mfuko wa chakula ulipokatwa na kufungwa, ukivuja, mara nyingi huvuja ukiwa umesharudi nyumbani. Jifunze leo kupima mapigo: vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, hesabu kwa dakika nzima. Mapigo yakizidi 120 ukiwa umetulia, joto likifika 38, tumbo likiuma zaidi badala ya kupungua, au pumzi ikikata, hiyo ni safari ya hospitali usiku huo huo. Usingoje kupambazuke. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, vivyo hivyo. Kwa wiki ya kwanza, kama una ndugu anayeishi karibu na hospitali, kaa kwake. Kutoka Kayole jioni, Outer Ring ikiwa imefungana, ni mwendo nisioupenda kwa mtu anayevuja.

Sasa maji. Kinachowarudisha wagonjwa wangu hospitalini mara nyingi kuliko kisu ni ukosefu wa maji. Unahitaji lita moja na nusu kwa siku, na wiki za kwanza huwezi kumeza glasi. Ukijaribu, kifua kinabana na yote yanarudi. Kabla hujaruhusiwa kwenda nyumbani, omba vile vikombe vidogo vya plastiki wauguzi wanavyogawia dawa, vyenye alama hadi mililita 30. Hicho ndicho kipimo chako. Vikombe hamsini ni lita moja na nusu. Kwa saa kumi na sita ukiwa macho, ni kikombe kimoja takriban kila dakika ishirini, ukinyonya tone kwa tone. Vipange mezani kumikumi asubuhi, uvifunike kwa kitambaa, uone vinavyopungua. Siku mbili za mwanzo huenda usifikishe hamsini, na dripu ya hospitali itakuwa imesaidia. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi na kichwa kikizunguka ukisimama, umechelewa. Rudi wakuongezee maji.

Kuhusu unga wa protini, usikope pesa kwa ajili yake. Unahitaji gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku ili misuli isiliwe pamoja na mafuta, lakini duka la mtaani lina protini. Nusu lita ya maziwa ina gramu 16 hivi. Ukoroge humo vijiko vinne vikubwa vya maziwa ya unga yasiyo na mafuta, unaongeza kama gramu 10. Nusu lita ya pili kama hiyo, uko 52, na ujazo wa maji uliokunywa ni ule ule lita moja. Bakuli dogo la mala linakusogeza karibu na 60. Tumbo likijaa gesi na kuharisha kwa maziwa, tumia mala zaidi, maana uchachu umekula sehemu ya sukari ya maziwa.

Kwa kawaida majimaji huendelea hadi mwisho wa wiki ya pili. Karatasi ya daktari wako ikisema tofauti, fuata hiyo. Wiki ya tatu na ya nne ni vilivyosagwa laini: ndengu zilizochujwa maganda, yai la kuvurugwa jepesi, samaki aliyetolewa miiba na kupondwa na mchuzi wake. Kisha vilaini hadi wiki ya sita hivi. Nyama choma na githeri vingoje zaidi. Ugali, chapati na mkate huwatesa watu kwa namna moja: hujikusanya kuwa donge na kukaa mlangoni mwa mfuko wa chakula. Subiri kama miezi miwili, halafu anza na tonge la ukubwa wa kucha ya kidole gumba, na liwe la mwisho baada ya samaki na mboga. Usinywe ukiwa unakula. Subiri nusu saa.

Ukitapika mara moja kwa kula haraka, umejifunza. Ukitapika kila siku, huo ni ugonjwa. Miaka kadhaa iliyopita alikuja mgonjwa wiki ya saba, akitembea huku amejishikiza ukutani kama mtu aliyesimama kwenye matatu inayoyumba. Alisema anaona kila mtu wawili wawili. Alikuwa ametapika kwa wiki tatu bila kumwambia yeyote, kwa sababu ofisini walidhani yuko likizo ushago na nyumbani aliona aibu kuambiwa ulijitakia. Mwili una akiba ya vitamini B1 ya wiki mbili tatu tu, na yake ilikuwa imeisha. Alidungwa B1 siku hiyo hiyo. Macho yalirudi upesi. Miguu ilichukua miezi. Kwa hivyo kutapika kukipita siku mbili, rudi, na wakitaka kukuwekea dripu ya sukari waambie kwanza: nimepasuliwa mfuko wa chakula, nimekuwa nikitapika, nipeni B1 kabla ya sukari. Na tafadhali, asiwe mama mkwe peke yake anayejua siri yako. Mtu mwenye simu na nauli ajue pia.

Tembe za vitamini ni za maisha, ziweke kwenye bajeti leo: vitamini mchanganyiko, B12, kalsiamu na vitamini D, na kwa mwanamke anayepata hedhi, madini ya chuma. Chuma na kalsiamu visimezwe pamoja, vipishane saa mbili. Chuma kisimezwe na chai pia, kwani chai hukizuia kufyonzwa. Diklofenaki na ibuprofeni sema nazo kwaheri, huleta vidonda vya tumbo. Maumivu meza parasetamoli. Mwezi wa tatu hadi wa sita nywele zitakatika kwa wingi, na hurudi ukila protini. Uzazi huamka kilo zikipungua, kwa hiyo panga vizuri: mimba ingoje mwaka mmoja hadi mwaka na nusu.

Gikomba: kuketi na kuuza, baada ya wiki mbili au tatu ukijisikia. Kuinua kitu kizidicho kilo tano, hapana hadi wiki ya sita. Robota la kilo 45 usiliguse kabla daktari hajakukagua na kukuruhusu, hata kulisukuma kwa mguu. Tafuta kijana wa mkokoteni mapema mpatane bei ya mwezi mzima. Na beba chupa yako. Mteja akizidi, watu husahau kunywa hadi jioni.

Mama mkwe usimkatalie mkono wake. Njahi ni chakula kizuri na zamu yake itafika, zikisagwa na kuchujwa, wiki ya nne. Kabla ya hapo mpe kazi nyingine: asubuhi apange vile vikombe hamsini, na kila dakika ishirini akuulize umekunywa kipi. Uji aupike, aunywe mwenyewe akiwa ameketi karibu nawe.