Redio ya babu ilivyonivumia miaka miwili

Juzi msomaji mmoja wa Kondoa kaniandikia: "Shikamoo kaka. Redio ya valvu ya marehemu baba inavuma kama mzinga wa nyuki. Ninunue nini?" Marahaba, mdogo wangu. Usinunue kitu kwanza. Mimi nilianza kwa kununua.

Ya kwangu ni ya mbao, ya Kiholanzi. Babu aliipata enzi zake za reli hapa Dodoma mjini, akastaafu nayo Mvumi. (Ndiyo, redio inayovuma imetoka Mvumi. Nimeshachekwa vya kutosha.) Niliikuta juu ya kabati chini ya kitambaa cha kufuma, vumbi limejaa ndani hadi valvu, zile chupa za kioo zinazokuza sauti, hazionekani. Nikapuliza, nikachomeka. Valvu zikaanza kuwaka wekundu polepole, na kabla stesheni yoyote haijaingia: mmmmmmm.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Hakuifungua hata mgongo. "Valvu ya sauti imekufa, mzee." Akaniuzia nyingine, aina ya EL84, kwa shilingi 60,000. Nyumbani: mmmmmmm. Nikamrudia, akacheka, akasema redio za zamani ndivyo zinavyoongea. Mpaka leo inaniuma, na si kwa ajili ya hela. Nilikuwa na miaka thelathini na nne, "mzee" wa nini?

Miezi iliyofuata siisimulii, redio ilikuwa stoo.

Kilichoniokoa ni kitu cha kijinga kabisa. Siku moja niliitoa stoo nikaiwasha, nikapunguza sauti hadi mwisho ili nisikie simu, mtangazaji akanyamaza lakini mvumo ukabaki palepale. Basi shida haitoki upande wa kunasa stesheni, iko baada ya kitufe cha sauti au kwenye umeme wenyewe. Umeme wetu hupiga mizunguko 50 kwa sekunde. Ukishapita kwenye valvu ya kugeuzia, ile inayoufanya uende upande mmoja tu, mawimbi yanayobaki yanakuwa 100, na kazi ya kuyalainisha ni ya zile kapasita kubwa za kuchuja. Zikizeeka hukauka ndani, mawimbi yanapita hadi kwenye spika.

Nikageuza redio. Kopo la alumini, limeandikwa 50+50, yaani kapasita mbili ndani ya kopo moja, na kwenye kitako chake ukoko mweupe kama magadi. Miaka miwili lilikuwa linanitazama!

Hapa nisikilizeni vizuri ninyi vijana wenye haraka. Nilichomoa waya ukutani, nikajiona nimemaliza, nikaingiza mkono. Kapasita hutunza umeme, karibu volti 300 kwenye redio kama hii. Kiwiko kilirudi nyuma kikagonga mlango wa kabati, nikakaa sakafuni nikiulizwa na mke wangu nani kaanguka. Chomoa, subiri, mwaga ule umeme kupitia rezista, kisha pima kwa testa hadi isome sifuri. Kupima si woga. Na kama redio yako haina transfoma, chesisi yenyewe, ile fremu ya chuma ya ndani, inaweza kuwa na umeme wa ukutani. Hiyo usiiguse, mpe anayeijua.

Nikafunga kapasita mbili mpya za mikrofaradi 47, volti 450, nikiangalia chanya na hasi mara tatu. Mmmm ikakata. Nilishangilia peke yangu saa tano usiku.

Halafu usiku ule ule, kwenye masafa ya kati, nikasikia zzzzzz. Nyembamba, kavu, kama nzi ndani ya chupa. Nilitaka kulia. Ila safari hii nilisikiliza kwanza: nikipunguza sauti, inaondoka. Kumbe inaingia pamoja na stesheni. Nikazunguka nyumba nzima nikizima taa moja moja, nikachomoa friji, nikachomoa televisheni, bado. Mwishowe nikaingia chumbani kwa mpwa wangu. Chaja yake ya simu ya bei ya chee imechomekwa ukutani, simu yenyewe haipo. Nikaichomoa. Kimya, na kwenye redio mtu anasoma taarifa ya habari kama yuko sebuleni.

EL84 ya babu bado ninayo, imefungwa kwenye soksi. Niliirudisha kujaribu: nzima kabisa.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Kondoa, leo usiku washa redio, punguza sauti hadi mwisho, kisha niandikie kinachobaki ni mmmm au ni kimya.