Nywele ndefu za asili na usaili wa Dodoma: dawa, wigi au nisuke?

SWALI: Shikamoo dada. Nimeitwa usaili wa mahojiano Dodoma Jumatano ijayo, ajira za serikali, nafasi ya mhasibu. Nywele zangu ni za asili, hazijawahi kuona dawa, zikivutwa zinafika katikati ya mgongo. Nikizibana zinachomoka, nikipiga pasi hapa Dar ikifika jioni zishajikunja. Mama anasema niweke dawa zilale, shoga yangu anasema nivae wigi tu yaishe. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera sana kwa kuvuka mchujo.

Dawa usiweke, nakuomba. Siipingi dawa, nawawekea wateja kila wiki, ila sio mara ya kwanza halafu wiki ya usaili, manake hujui kichwa chako kitaipokeaje na ikikuunguza utaingia kwenye chumba cha watu una vidonda pembeni ya masikio. Halafu nywele inakua kama sentimita 1 kwa mwezi, sasa hiyo ya kwako umeilea miaka minne na zaidi, unaitoaje kwa ajili ya nusu saa? Wigi nayo ni nzuri kwa aliyeizoea, asiyeizoea anaigusagusa kila dakika, na nywele ndefu kama zako zisiposukwa zikalala vizuri chini yake wigi inavimba utosini.

Pasi inakuangusha kwa sababu moto unainyoosha nywele kwa muda tu, ikikutana na unyevu, iwe jasho au hewa yetu hii ya bahari, inarudi ilikotoka. Dodoma hewa ni kavu kwahiyo ingekaa kidogo, ila kuna upepo na vumbi, na we unatakiwa usafiri, ulale, uamke alfajiri. Usiitegemee.

Mimi ningekusuka twende kilioni, mistari minane mpaka kumi ya kurudi nyuma, nywele zako mwenyewe bila kuongeza rasta, halafu mikia yote inakusanywa donge moja chini kisogoni. Kwenye usaili kazi ya nywele ni kutulia, wale watu wakuangalie usoni wasikie unachosema, na we mwenyewe usahau kama una nywele.

Jumamosi osha, weka kondishena, zichane zikiwa bado na maji ukianzia nchani unapanda taratibu kwenda kwenye shina, zipake mafuta kidogo kisha zisuke uzi, ule mweusi wa kawaida, ulale nazo. Asubuhi ukifungua zimenyooka bila moto kabisa. Jumapili ndio usuke, na usisubiri Jumanne jioni! Nilishamsuka dada mmoja usiku wa kuamkia intavyu, akataka zikaze ili zidumu, nikamkazia, aliporudi akaniambia alishindwa hata kugeuza shingo kumwangalia mjumbe aliyekaa pembeni, kichwa kilikuwa kinamgonga muda wote. Iliniuma sana, na toka siku hiyo simsuki mtu wa usaili chini ya siku mbili kabla. Akimaliza msusi wako inua nyusi mbele ya kioo, ukiona ngozi ya paji la uso inavutika au kuna vipele vidogo kwenye shina la nywele za mbele mwambie afumue alegeze, usimwonee aibu, nywele za pembeni zikishang'oka kila mara ipo siku zinagoma kuota.

Jeli sasa. Kabla hujapaka changanya tone la jeli na tone la krimu yako nyuma ya kiganja, usugue. Zikigandana zikawa chembe nyeupe usizitumie pamoja, utafika pale mabega ya koti jeusi yamejaa unga kama mba.

Safarini usifunge donge, iwe basi au treni kile kiti kitakusukuma kichwa mbele njia nzima. Acha mikia ining'inie ndani ya kitambaa cha satini, donge utalifunga asubuhi ya Jumatano. Gawa mikia mafungu mawili, yasokote pamoja, zungusha chini ya kisogo usawa wa ndewe za masikio, kisha chukua pini zile zenye umbo la U. Watu wengi wanazichomeka moja kwa moja ndio maana zinachomoka. Pini inaingia ikiwa imeelekea nje, ishike nywele chache za ukingoni mwa donge, halafu unaigeuza na kuisukuma ielekee katikati. Ukisikia imebana bila kuchoma, hiyo imekaa. Sita zinatosha, tikisa kichwa kwa nguvu uone. Kama unavaa hijabu donge hilohilo linafaa, ila nywele ziwe zimekauka kabisa ndio ufunike.

Mama mwambie zitalala bila dawa, na ukishasuka Jumapili mwoneshe. Kwenye pochi beba pini mbili za akiba na kitana kidogo, na ukirudi Dar usikae nazo zaidi ya wiki mbili, fumua, osha, pembeni paka mafuta ya nazi uzipumzishe.