Ukitaka chozi waje, waache buibui waishi

Kila Aprili mdogo wangu anayeishi Hamburg hunitumia picha za maua ya kwao. Baridi imekwisha, miti imevaa, na yeye kasimama chini yake akitabasamu kama mtu aliyeachiwa huru. "Dada, machipuko yamefika!" Mimi wakati huo niko Lushoto, masika yametukalia kichwani, na nguo zina siku nne kwenye kamba hazijakauka. Sina cha kumtumia. Zamu yangu huja Septemba.

Kwenye kalenda yetu hakuna machipuko, lakini aliyekaa milimani anajua kwamba yapo. Kipupwe cha Usambara si cha mchezo. Kuanzia Juni hadi Agosti ukungu unaamka na sisi na mara nyingine unalala na sisi, na mipichi hupukutisha majani yote ikabaki mifupa mitupu. Kisha siku moja, Agosti inapoelekea ukingoni, unafungua dirisha na kukuta mpichi umejaa maua ya rangi ya waridi, hata jani moja halijatoka. Mipeasi hufuata na maua yake meupe. Mijakaranda ya mjini huanza kumwaga zambarau barabarani, na kabla hujamaliza kuistaajabia, vuli inabisha hodi. Kwangu mimi hayo ndiyo machipuko: tangu ua la kwanza la mpichi mpaka Desemba.

Mimi si mzaliwa wa huku. Nimekulia Tanga mjini, kwenye joto na minazi, nikaletwa huku na ndoa. Nina miaka kumi na moja sasa kwenye nyumba hii iliyo kwenye mteremko, msitu wa Magamba ukiwa juu yetu. Watu wanaopanga kujenga huku, au waliorithi nyumba ya wazazi wakahamia baada ya kustaafu, huniuliza nimefanyaje mpaka bustani ikawa na ndege wengi hivi. Jibu langu huwakatisha tamaa kidogo, maana sehemu kubwa ni mambo niliyoacha kufanya.

Nianze na kosa langu kubwa. Mwaka wa pili wa kukaa hapa niliotesha waridi mbele ya kibaraza, zikastawi, na mara vidukari wakazivamia. Ukiwatazama vidukari wameshonana kwenye kikonyo cha ua changa, mwili unasisimka. Nikashuka hadi duka la pembejeo, muuzaji akanipa chupa na kuniambia nichanganye kifuniko kimoja kwa ndoo. Nikachanganya viwili. Nikapuliza waridi, nikapuliza ua wa miti unaozunguka nyumba, na kwa kuwa dawa ilibaki, nikapuliza hata chini ya paa nilikoona utando wa buibui.

Chini ya paa hilo hilo kulikuwa na kiota cha chozi. Kama humfahamu, chozi ni yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda kama mundu. Dume hung'aa akipigwa na jua, jike ana rangi ya majani makavu. Kiota chake ni kama kifuko kinachoning'inia, kina mlango ubavuni na kakibaraza kadogo juu ya mlango. Nilimwona yule jike akikijenga mwenyewe: nyasi kavu, vipande vya magome, manyoya ya kuku wangu. Kilichoshikilia yote hayo kilikuwa utando wa buibui. Alikuwa akiuchota kwa mdomo, anauvuta, anauzungusha kama fundi anayepiga uzi. Mayai yalikwisha kuanguliwa, na ukipita chini ya paa ulisikia vifaranga wakilia.

Siku tatu baada ya kupuliza, kiota kilinyamaza.

Mzee jirani yetu, aliyekuwa akipita na ndama wake, ndiye aliyenifungua macho. Nilidhani chozi wanaishi kwa mbochi tu, yale maji matamu ya ndani ya ua. "Mkubwa anakunywa hayo," akasema, "lakini mtoto anakua kwa wadudu. Mwanangu, umewafagilia sahani." Kweli, chozi huwalisha makinda wao vijidudu laini na buibui wadogo. Mimi nilikuwa nimemaliza chakula, na pengine kilichobaki nimekitia sumu.

Tangu siku hiyo chupa ya dawa haiingii bustanini. Vidukari nawapangusa kwa vidole, au nawamwagia maji ya sabuni ya kufulia yaliyozimuliwa sana, tena kwenye vikonyo vilivyozidiwa tu. Wanaobaki wana wenyewe. Kinegwe, vile vindege vya kijani vyenye duara jeupe kuzunguka jicho, huja kundi zima asubuhi na kupekua waridi kama akina mama wanaochambua mchicha. Waridi zangu si za kushindanishwa, kuna majani yenye matundu, na nimeyazoea.

Suala la utando lilitaka kuleta ugomvi nyumbani. Mama mkwe alipokuja kututembelea alisimama kibarazani, akatazama juu, akaniuliza kwa upole unaouma kama siku hizi tumekosa ufagio. Tukafikia mapatano: ndani ya nyumba hakuna utando hata mmoja, lakini chini ya paa kwa nje ufagio hauendi kuanzia Agosti mpaka Januari. Akija mgeni na kushangaa, mama mkwe mwenyewe sasa ndiye anayemweleza.

Kuhusu maua, wengi hununua yale yanayopendeza kwenye picha, kisha wanashangaa bustani ni kimya. Waridi lenye petali nyingi zilizosongamana humfaidia nini ndege au nyuki? Mlango umezibwa. Chozi anataka ua lenye umbo la bomba, jekundu au la machungwa. Mshubiri ni hodari kwa kazi hiyo, nao huchanua wakati wa kipupwe ambapo vingine vimelala. Kuna pia lile ua la porini linalotoa mafundo ya machungwa yaliyolizunguka shina ghorofa kwa ghorofa, mwishoni linabaki na mipira yenye miiba. Wataalamu huliita Leonotis. Watu huling'oa wakisema ni magugu. Mimi nimeliachia kona nzima nyuma ya choo cha nje, na hiyo ndiyo kona yenye fujo kuliko zote. Ukiwa na nafasi, mgrevilea mmoja tu mpakani unatosha. Tunaupanda kwa ajili ya mbao na kivuli cha kahawa, lakini ukichanua maua yake ya rangi ya dhahabu, nyuki na chozi hugombana humo kutwa.

Haidranjia siipandi kwa ajili ya ndege, naipanda kwa ajili ya mchezo. Udongo wetu una uchachu, kwa hiyo maua yake hutoka ya buluu bila kuombwa. Shangazi wa mume wangu humwaga majivu ya jikoni kwenye shina moja miezi kadhaa kabla ya maua, na shina hilo hutoa ya pinki huku jirani yake akibaki buluu. Majivu hupunguza uchachu, basi, hakuna uchawi. Lakini wapita njia bado humtazama shangazi kwa jicho la pembeni.

Tahadhari moja hapa. Lile ua kubwa jeupe au la manjano linaloning'inia kama tarumbeta, ambalo limejaa kwenye nyua za huku, hunukia vizuri mno usiku na nondo wakubwa hulifuata. Lina sumu kila sehemu, kuanzia jani hadi mbegu. Nyumbani kwangu kuna wajukuu wa majirani wanaotia kila kitu mdomoni, kwa hiyo nimeling'oa, ingawa moyo uliniuma.

Na sasa ua letu wenyewe. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliokota ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoyamanyoya na kulipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland alilipa jina la familia hiyo, Saintpaulia. Leo limo madirishani dunia nzima. Mdogo wangu alilikuta dukani Hamburg limeandikwa "Usambaraveilchen", akanipigia simu akicheka: "Dada, nimenunua ua la kwenu kwa euro!" Huku kwetu aina zake za porini huota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, na makao yake yanazidi kupungua kadiri msitu unavyokatwa. Nakuomba usiende kulichimbua. Tafuta la kwenye bustani za miche, au omba jani kwa mwenye nalo, maana jani moja likichomekwa kwenye udongo mwepesi hutoa mizizi. Liweke upande usiopigwa na jua kali, na usilimwagie maji juu ya majani.

Wageni wakinitembelea, ninachopenda kuwaonyesha kuliko yote hakionekani mchana. Chukua tochi saa mbili usiku, baada ya kula, utembee taratibu kando ya ua. Kinyonga hulala kwenye ncha ya tawi, na akilala rangi yake hufifia, hivyo mwanga wa tochi humtoa waziwazi kama kipande cha karatasi kilichonasa mtini. Mchana ungepita hapo mara ishirini usimwone. Mwezi Novemba uliopita nilihesabu saba kwenye ua wa mita thelathini hivi. Mmoja alikuwa dume wa pembe tatu, yule ambaye wataalamu humwita deremensis kwa sababu ya Derema, mahali kule upande wa Amani, Usambara Mashariki. Nilimsogelea mpaka nikaona mkia wake umejikunja kama kamba ya saa ya zamani, miguu imeshika kijiti kwa vidole vilivyogawanyika mafungu mawili, jicho limefumba. Jike lake halina pembe. Hata wanasayansi, walipohitaji jina la jamii mpya ya vinyonga mwaka 2006, waliliazima kwenye Kiswahili: Kinyongia.

Wapo wanaomwogopa, na watoto wengine humpiga mawe. Kwangu nimeweka sheria: atakayenionyesha kinyonga bila kumgusa anapata andazi. Akija mtu mzima na mfuko akiuliza kama watoto wanaweza kumkusanyia, huyo hapati hata maji ya kunywa. Kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi kulipigwa marufuku mwaka 2016, na wanaonunua vichochoroni wanalijua hilo.

Mbega hawana shida na mtu. Wanakula majani, wanakaa juu, mikia yao yenye ncha nyeupe inaning'inia, wanakutazama kama wazee barazani. Kima ni habari nyingine. Ukipanda mahindi karibu na msitu, umewapandia wao. Nimejaribu sanamu, makopo na kelele. Kilichosaidia ni kuhamishia mahindi upande wa barabara na kuwaachia mpichi mmoja wa juu.

Hondohondo utawasikia kabla hujawaona. Mabawa yao yanavuma kama mtu anayepuliza kwenye chupa. Msimu wa kutaga, jike hujifungia ndani ya tundu la mti, mlango unazibwa kwa udongo unabaki ufa mwembamba, na dume ndiye anayemletea matunda na kuyapitisha kwenye ufa huo. Ukiona dume anarudi mti uleule kila saa na koo limevimba, usikate mti huo hata kama fundi amekuahidi bei nzuri ya mbao.

Jambo gumu kuliko yote ni kukaa. Tunazoea kuingia bustanini na jembe au simu. Mimi hutoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, shali begani, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, nakaa kwenye kigoda kilekile kilichoegemea ukuta uleule. Dakika kumi za mwanzo hakuna kitu, kila kiumbe kinajua umetoka. Baada ya hapo wanakusahau. Shorobo, yule ndege wa msituni, ameshawahi kutua kwenye mpichi hatua tano kutoka kwangu, kijani kitupu, na aliporuka akafunua wekundu wa mabawa ambao sikuwa najua anao. Darubini ni nzuri ukiwa nayo. Beseni la maji ya ndege lenye jiwe katikati ni bora zaidi. Badilisha maji kila siku ya pili ili usifuge mbu.

Mvua zikianza, vaa buti za mpira ukiingia kwenye majani marefu, na usiingize mkono usikokuona, maana nyoka nao wameamka. Siafu wakipita, wapishe. Wakiingia ndani, toa watoto na kuku, kanywe chai kwa jirani. Ukirudi watakuwa wamemaliza mende wote.

Mdogo wangu anakuja Novemba hii, ameshakata tiketi. Ameuliza alete nini, nikamwambia buti na tochi. Nimemwonya pia kuhusu nguo za kufua. Wiki iliyopita chozi jike ameanza kufunga utando kwenye waya wa kuanikia, katikati kabisa, na tayari kifuko kina ukubwa wa ngumi. Kwa hiyo mpaka makinda waruke, tunaanika kwa jirani.